Mashavu ya Kokubanza

Nilistaafu ualimu mwaka 2003, na kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani nitapumzika. Nyumba yangu iko Rwamishenye, pembeni mwa mji wa Bukoba, vyumba vitatu, na ndani yake niko peke yangu. Sikuolewa, na anayeniuliza kwa nini huwa namjibu aniulize pia kwa nini sikuwa rubani. Kwa miaka thelathini na miwili nilikuwa na watoto hamsini mbele yangu kila asubuhi, nikiwafokea wanyamaze. Wiki ya kwanza ya kustaafu walikuwa wamenyamaza wote. Nilikaa sebuleni nikisikiliza saa ya ukutani, mpaka nikapanda kwenye kiti nikaitoa betri.

Aliyeniokoa, au aliyeniponza, ni Mutalemwa, mwanafunzi wangu wa zamani ambaye siku hizi ni mtu mkubwa Dar es Salaam. Alinitumia kompyuta aliyokuwa ameichoka, ile ya kioo chenye kisogo kirefu, pamoja na kamera ndogo ya dijitali. Ndani ya boksi aliweka kikaratasi: "Mwalimu, jifunze hii, usizeeke." Nilikasirika siku nzima. Kesho yake nikaivuta meza karibu na soketi.

Wa kunifundisha alikuwa Ta Lameki, mzee jirani yangu, mwenye duka la steshenari pale barabarani. Kabla ya kompyuta alikuwa na studio ya picha mjini Bukoba, tangu kabla ya vita vya Uganda. Mwaka 1978 vijana wengi walipita kwake kupiga picha kabla ya kwenda mpakani, wakasema watazichukua wakirudi. Za wale ambao hawakurudi anazo mpaka leo, pamoja na negativu zake, zile filamu zilizozaa picha, ndani ya kopo la maziwa ya unga juu ya kabati. Nilimuuliza kwa nini hazitupi. Akasema picha ambayo haijachukuliwa si mali yake, ni ya mwenyewe.

"Ma Klaudia," aliniambia siku ya kwanza, "kazi hii ina sheria moja. Negativu haiguswi. Zamani ukitaka kumng'arisha mtu uso, unasafisha nakala, negativu unaiacha ilale. Kwenye kompyuta ni hivyo hivyo. Nakili kwanza, ndipo uchezee."

Nilitikisa kichwa kukubali, kile kichwa walichokuwa wakinitikisia wanafunzi wangu wakati akili yao iko nje kwenye kukamata senene. Sikio la kufa halisikii dawa.

Picha zangu za kwanza zilikuwa za kuku, migomba, na vidole vyangu mwenyewe vilivyoziba kamera. Lakini nilijifunza. Nilijifunza kungoja mwanga wa dirishani, kung'arisha picha iliyotoka giza, kuondoa wekundu wa macho. Katika ile programu ya kuhariri kuna kidude kinachochukua ngozi ya hapa na kuibandika pale, na kingine kinachosukuma, ukitaka pua ipungue inapungua. Nilitumia kile cha kwanza kumfuta mbuzi aliyepita nyuma ya kwaya ya usharika wetu. Nilimfuta mbuzi mzima, nikasahau kivuli chake. Ta Lameki alicheka mpaka akavua miwani akafuta machozi, nami nikacheka naye, na jioni ile nilipofunga mlango wangu niliona kwamba nilikuwa sijacheka na mtu tangu Krismasi.

Mwezi Juni 2004 akaja Kokubanza.

Kokubanza ni mdogo wangu, nimemzidi miaka kumi na miwili. Wazazi walinitengeneza mimi, wakapumzika, halafu wakamtengeneza yeye kwa uangalifu zaidi. Alikuwa na mashavu ya kushikwa na kila mtu, na kicheko cha kusikika mpaka kwa jirani. Aliolewa na Ildefons, mchuuzi wa samaki katika visiwa vya Muleba, wakaishi hukohuko kisiwani. Ildefons alikufa mwaka 1997 kwa kile kilichowaua wengi. Dada yangu akabaki kuuza samaki na kumsomesha binti yao mmoja, Rozi. Miaka miwili kabla hajaja kwangu kibanda chao kiliungua moto, kikaenda na kila kitu, picha zote za ujana wake na za harusi zikiwemo.

Nilikwenda kumpokea stendi ya Bukoba. Abiria waliposhuka niliwatazama wote, mmoja mmoja, nikampita mwanamke aliyekuwa amekaa juu ya begi karibu na tairi. Nilirudi nikampita tena. Ndipo aliponiita, "Dada," na nikaijua sauti.

Hatukuutaja ugonjwa. Huku kwetu, siku za mwanzo kabisa, waliuita Juliana, kwa jina la mashati yaliyokuwa yakiletwa kwa magendo kutoka Uganda. Baadaye ikawa hauitwi kitu. Mtu alitazamwa mashavu, basi. Kwa miaka ishirini sisi watu wa Kagera tumejifunza kusoma mashavu ya wenzetu kuliko tunavyosoma Biblia. Ukikutana na mtu njiani, kabla ya salamu macho yameshapita usoni na kutoa hukumu. Nami nilikuwa hodari kuliko wengi, maana ndiyo miaka niliyokuwa nikiita majina ya watoto darasani na kuambiwa huyu amehama, amekwenda kwa bibi.

Dawa za kurefusha maisha zilikuwa zimeanza kutajwa redioni. Majina ya wanaozihitaji yalikuwa yakiandikwa. Tuliandikisha lake mwezi Septemba, tukaambiwa tusubiri. Mwezi Oktoba akawa hawezi tena kusimama, nikawa namnywesha uji kwa kijiko na kumgeuza kitandani mwenyewe, na haikuwa kazi, alikuwa mwepesi.

Asubuhi moja aliniambia, "Mwite Rozi."

Rozi alikuwa kidato cha nne, shule ya bweni upande wa Muleba. Juni yote walizuiwa shuleni kwa ajili ya masomo ya ziada, kwa hiyo mara ya mwisho kumwona mama yake ilikuwa Januari, kisiwani, wakati Kokubanza bado ana mwili wake. Mtihani wa taifa ulikuwa umeanza Jumatatu ile.

"Ana mtihani," nikasema.

"Kwa basi ni saa mbili tu, dada."

"Akikuona hivi hataweza hata kuandika namba yake juu ya karatasi. Umemsomesha kwa samaki miaka minne. Ukimwita leo umemfelisha kwa mkono wako."

Nilisema kwa ile sauti ya darasani, ambayo haijibiwi. Nilikuwa na uhakika. Nimewaona watoto wangapi wakiitwa mazikoni katikati ya mtihani, na hawarudi tena shule.

"Sawa," akasema Kokubanza. "Basi lete ile kamera yako. Nipige picha, Rozi aone nilivyokwenda. Sitaki aje aambiwe na watu."

Nikamwegemeza kwenye mito karibu na dirisha. Alivua kitambaa kichwani mwenyewe, akakiweka mapajani. Nikapiga picha kumi na moja. Alinitazama moja kwa moja katika kila picha, na mimi, mjinga, nilikuwa nahangaika na mwanga.

"Mpe zote," akasema. "Hata zile mbaya. Ahadi?"

"Ahadi," nikasema.

Alifariki Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, nikiwa nimekwenda jikoni kupasha maji. Nilimwosha mimi na wanawake wawili wa usharika. Kaka yetu mkubwa, Nathanael, alikuja na gari kumchukua kwenda Izimbya, kwenye kibanja cha baba, katikati ya migomba, ambako tunazikana. Nilimpigia simu mkuu wa shule nikamwomba Rozi asiambiwe mpaka amalize karatasi ya mwisho. Akasema ndivyo wanavyofanya siku zote.

Kabla gari halijaondoka Nathanael alinivuta pembeni. "Klaudia, tunahitaji picha yake ya kuweka juu ya jeneza. Wewe ndiye fundi. Lakini isiwe..." Akapitisha mkono usoni kwake, kutoka shavuni kwenda kidevuni. "Unanielewa. Watu ni wengi."

Nilimwelewa. Ya zamani iliyobaki ilikuwa moja, ya kipaimara, kundi zima, na uso wake ndani yake ni punje ya haragwe. Kwa hiyo walipoondoka na mwili nilibaki peke yangu Rwamishenye, nikaihamisha kutoka kwenye kadi ya kamera kuingia kwenye kompyuta picha moja kati ya zile kumi na moja, ile iliyokuwa na mwanga mzuri. Nikaanza kumnenepesha dada yangu.

Haikuwa rahisi. Nilisukuma mashavu yakawa yamevimba, akaonekana mtu anayeumwa jino. Nilibandika ngozi ya paji la uso ikawa kiraka. Saa zinakwenda na watu Izimbya wanangoja. Ndipo nilipopata wazo ambalo wakati ule niliona limetoka mbinguni. Nilikaa mwenyewe pale dirishani, kwenye mito yake, nikageuza kamera nikajipiga. Tumbo lililotuzaa ni moja. Nikakata mashavu yangu, na shingo, nikayaweka kwake, nikalainisha pembeni, nikamfunika kitambaa kichwani nilichokikata kwenye picha ya mama mchungaji. Akawa mama mzima, mwenye afya, anayetazama watu bila wasiwasi. Nililia kwa furaha. Nasema ukweli, ilikuwa furaha.

Nilipobonyeza kuhifadhi, mashine iliniuliza kama faili jipya likae mahali pa lile la zamani. Nikabonyeza ndiyo, kwa haraka ya mtu mwenye jeneza linalomsubiri.

Ta Lameki alinichapia pale dukani kwake. Karatasi ilipokuwa ikitoka aliitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Ulinakili kwanza?" akaniuliza.

"Ndiyo, waitu," nikamdanganya kwa heshima zote.

Izimbya picha ile ilitembea kuliko mahubiri. Watu waliopita mbele ya jeneza walisimama. "Amependeza." "Kumbe hakuwa amekonda hivyo." Waliosema hivyo walikuwa wamekuja kumwona kitandani kwangu wiki iliyopita, na walijua nami ninajua kwamba wanajua. Hata hivyo walishukuru. Nathanael alinishika bega. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini siku ile ilionekana nimewashinda wahenga. Nilisimama kando ya kaburi la mdogo wangu nikiwa na majivuno, na hilo ndilo linalonifanya nisilale vizuri mpaka leo.

Siku nne baadaye alibisha hodi Ma Paskazia wa Buhembe, mjane ambaye tulikuwa hatusalimiani sana. Alitoa kwenye kanga picha ya kitambulisho cha mwanawe aliyekufa mwaka 1999. "Mnenepeshe kidogo," akasema, "kama ulivyomfanyia dada yako." Nikamnenepesha. Akaketi mpaka jioni akimtazama mwanawe kwenye kioo, tukitafuna punje za kahawa, akinisimulia utundu wake.

Wakaja wengine. Walikuja na picha zilizokunjwa ndani ya Biblia, zilizoliwa na mende, za harusi, za hospitali. Wote walitaka kitu kimoja. Kwa kuwa sina mashine ya kunakili karatasi, nilizipiga upya kwa kamera, halafu nikazishughulikia kwenye kompyuta. Viti havikutosha, niliazima benchi kanisani. Kwa wiki mbili nyumba yangu ilikuwa na sauti za watu tangu asubuhi, na mimi nikiwa katikati, nikiitwa fundi. Sikuwaza kwamba nafanya vibaya. Niliwaza kwamba kesho watakuja tena.

Kadi ya kamera ilikuwa ndogo, ikajaa. Nikaifungua nione cha kupunguza. Mwanzoni kabisa walikuwa wamekaa Kokubanza kumi, bila kitambaa, wananitazama. Niliwatazama wa kwanza na wa pili. Sikuweza kufika wa tatu. Nilijiambia Rozi atapata ile moja nzuri, na mtoto hahitaji kuona mifupa ya mama yake, na nani atamlaumu mtu kwa kumkinga mtoto. Nikawafuta mmoja mmoja. Kila mara kamera iliniuliza kama nina hakika.

Rozi alimaliza mtihani siku ya Ijumaa. Nathanael na mchungaji walimfuata shuleni, wakamwambia njiani, wakampitisha kaburini Izimbya, na Jumamosi wakamleta kwangu. Alikuwa amerefuka. Aliingia na sanduku lake la bati, akanipigia goti kunisalimu, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Mtihani nimemaliza, mama mkubwa," akasema.

"Vizuri, mwanangu," nikasema. Mungu anisamehe, ndicho nilichopata cha kusema.

Hakulia. Nilimpa begi la mama yake nikaenda kupika ndizi. Niliporudi alikuwa ameketi sakafuni na kikaratasi mkononi, kilichokuwa ndani ya mfuko wa pembeni ambao mimi sikuufungua. Nilitambua mwandiko wa Kokubanza, umelala upande mmoja.

"Anasema una picha zake kumi na moja," Rozi akasema. "Anasema amekwambia unipe zote, na nisiogope. Naomba nizione."

"Kula kwanza."

"Mama mkubwa, Januari nilimwacha gatini ananipungia mkono, mnene, anacheka. Novemba mnanionyesha udongo. Katikati hapo sina kitu. Nikilala naona yuko kisiwani bado, na nyinyi mmekosea mtu. Nataka nione alivyokwenda."

Nikaleta ile iliyokuwa juu ya jeneza, kwenye fremu. Rozi aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza dirishani. Aliitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena.

"Hapa umetoka vizuri, mama mkubwa," akasema. "Za mama ziko wapi?"

Nilimweleza. Nilianza kwa kujitetea, kuhusu watu, na jeneza, na kaka Nathanael, nikajisikia ninavyosema nikayaacha. Nikamwambia tu kwamba nilizifuta. Aliiweka fremu juu ya meza, uso chini, polepole, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake.

"Mlininyima mazishi," akasema. "Hiyo nilikuwa nimeanza kuisamehe."

Akaenda kulala akaelekea ukutani. Usiku ule na siku iliyofuata hakuna aliyesema neno ndani ya nyumba. Waliobisha hodi na picha zao sikuwafungulia. Ukimya wa kukaa peke yako nilikuwa naujua. Wa kukaa na mtu asiyetaka kukuona sikuwa naujua, na ni mbaya zaidi.

Jumatatu asubuhi niliichukua kadi nikakimbia kwa Ta Lameki kumwomba afufue kilichofutwa. Alijaribu kwa programu mbili. Alichokipata ni vipande vya nyuso za marehemu wa watu wengine, niliokuwa nimewapiga juu yake.

"Wamelala juu ya mahali pake," akasema. "Kadi si negativu, Ma Klaudia. Haihifadhi siri."

Hakuniambia kwamba alinionya. Ningependa angesema. Nikalia pale dukani, mbele ya mteja aliyekuja kuchapisha barua ya maombi ya kazi. Ta Lameki alimaliza kazi ya yule mteja, akamtoa, akafunga mlango nusu.

"Nani alimwosha?" akaniuliza.

"Mimi."

"Nani alimuuguza miezi minne?"

"Mimi, Ta Lameki, kwani hujui?"

"Basi usiniletee mimi kadi," akasema kwa ukali. "Nenda nyumbani."

Mvua ilikuwa imeanza. Nilifika nimelowa, umeme upo, Rozi amekaa jikoni anamenya ndizi ambazo sikumwomba amenye. Nikavuta kiti cha pili mbele ya kompyuta.

"Njoo ukae hapa," nikasema. Sikutumia sauti ya darasani. Alisita, akanawa mikono, akaja.

Nilifungua ile picha. Kwanza nikainakili, mbele yake, nikahakikisha mara mbili. Halafu nikachukua kile kidude cha kusukuma, nikaanza kuyaondoa mashavu yangu usoni kwa dada yangu.

Chini yake hapakuwa na kitu, picha ya mwanzo ilikuwa imekwisha kuliwa na hii, kwa hiyo kila mahali ilibidi nijenge kwa kichwa, na kichwa kiligoma. Nikafumba macho. Mikono ndiyo iliyokumbuka. Nilikumbuka kitambaa cha maji ya vuguvugu, na mahali kidole kilipozama nilipokuwa namfuta uso.

"Hapa palikuwa na shimo," nikamwambia Rozi. "Chini ya mfupa huu." Nikaweka kivuli. "Na hapa kwenye panja pia. Unaona mshipa huu? Ulikuwa unaonekana unavyopiga."

"Zaidi ya hapo?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Zaidi."

Nikapunguza. Nikamvua kile kitambaa cha mama mchungaji, nikachora nywele kama zilivyokuwa, nyepesi, za rangi ya vumbi. Nikazitoa nyama za shingo, nikaacha kano mbili.

"Zaidi?"

"Zaidi kidogo. Midomo ilikuwa imepasuka. Nilikuwa naipaka mafuta."

Kazi ambayo ugonjwa uliifanya tangu Januari hadi Oktoba niliifanya mimi mchana mmoja, kwa mkono wangu, na mwanawe amekaa pembeni. Kila nilipobonyeza alikonda. Nililia sikujificha, machozi yakanidondokea kwenye kipanya, na sikuacha, kwa sababu nikiacha hapo nitakuwa nimemdanganya tena. Macho sikuyagusa. Macho yalikuwa yake tangu mwanzo. Nilikuwa nimeyaacha kwa sababu yalikuwa mazuri, na sasa, mashavu yalipoondoka, yalikuwa makubwa na yalitutazama moja kwa moja kama alivyotaka.

Rozi akaweka mkono wake juu ya wangu.

"Basi, mama mkubwa," akasema. "Ni yeye."

Akasogea karibu na kioo. Akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtoto yeyote kati ya wote niliowafundisha, akaanguka mapajani pangu, akalia kilio cha siku zote alizokuwa analia peke yake bila machozi. Nilimshika. Mvua ilipiga mabati hata majirani wasingetusikia. Sikumwambia anyamaze.

Alipotulia mashine ilikuwa bado inauliza kama ihifadhi. Rozi alijifuta, akachukua kipanya mwenyewe, akabonyeza ndiyo.

"Aliteseka?" akaniuliza.

Jibu la watu lilikuja hadi kwenye ulimi: hapana, mwanangu, alilala tu. Nikalimeza.

"Sana," nikasema.

"Nieleze yote. Usiniongezee, usinipunguzie."

Nikamshika mkono, nikaanzia stendi ya Bukoba, mwezi Juni, nilipompita dada yangu mara mbili nisimjue.